Kitenge cha Mananasi

Félicité alikuwa na imani mbili: Kanisa Katoliki, na kwamba mtu anayelipa bei ya kwanza aliyotajiwa ni mgonjwa wa kuombewa. Siku za juma, imani ya pili ndiyo iliyokuwa na nguvu. Kwa hiyo ilipotangazwa kwamba Uvira itakuwa na karnavali ya Ziwa Tanganyika Jumamosi na Jumapili, na kwamba watu watatoka Bukavu, Baraka na hata ng'ambo Bujumbura, rafiki zake wawili wa Kiliba hawakujisumbua kupanga lolote. Walijua Félicité atapanga, na walijua watateseka kwa bei nafuu.

Alianza na kitenge. Alikipata soko la Sange: bulu iliyokolea, imejaa mananasi ya manjano, vipande vitatu, nusu ya bei. Mchuuzi alionekana ana haraka navyo, na Félicité hakuuliza kwa nini, maana ukimuuliza mtu kwa nini anauza rahisi, anaweza kuzinduka. Mji ukifurika, aliwaeleza wenzake, waliovaa sare hawapotezani. Belyse, mdogo wao, ambaye chakula chake cha roho kilikuwa picha za simu, alikubali kabla sentensi haijaisha. Libérate ndiye aliyekuwa fundi cherehani, kwa hiyo ushonaji nao ulikuwa wa bure. Hakuna aliyemuuliza.

Shida ilikuwa kumvisha huyo Libérate mwenyewe. Miaka miwili alikuwa hajavaa rangi. Mama yake, Marie-Rose, alifariki akaliliwa na kuzikwa vizuri, ila msiba wa kwao hauishi wenyewe kama mafua. Lazima ndugu wakae siku moja, waombe, kaka mkubwa atamke kwamba kilio kimekwisha, na kibuyu cha pombe ya mtama kipite mkononi kwa kila mmoja. Kuganduka, ndivyo wanavyoita. Kabla ya hapo binti wa marehemu hachezi ngoma wala haolewi. Na Libérate alikuwa na mtu wa kumuoa, mwalimu Frédéric, kijana mpole aliyekuwa ameshasubiri hadi upole ukaanza kumwishia. Mama yake Frédéric alikuwa ameanza kuwataja mabinti wa watu wengine wakati wa kula, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya kusikika.

Kikwazo kilikuwa Sévère, kaka mkubwa. Kwanza alisema wangoje mpunga uvunwe. Mpunga ulivunwa, akasema mama yake haagwi kwa maharage, lazima ng'ombe, na si ng'ombe wa mchezo, ng'ombe wa Mulenge, kule milimani. Tangu hapo ukimuuliza anasema ng'ombe yuko njiani. Huu ulikuwa mwaka wa pili ng'ombe huyo anateremka mlima, na watu wa Kiliba walishaacha kumtazamia.

Kwa hiyo Libérate alikataa kwenda. Félicité akamjibu kwamba macho hayana matanga: atatazama tu, hatacheza. Na rangi je? Bulu, alisema Félicité, ni jirani wa nyeusi. Kuhusu mananasi hakusema kitu. Libérate alikuwa amechoka kukaa nyumbani akihesabiwa huzuni yake na majirani, akakubali, kwa sharti kwamba ngoma zikipita atasimama mikono kifuani kama askari.

Walifika Uvira saa nne asubuhi, juu ya lori la mpunga la mtu aliyewahi kusoma na shemeji yake Félicité, yaani bure. Mji ulikuwa umejaa hadi kwenye mitaro. Malori yalivikwa majani ya migomba na maputo, wapiga ngoma walijaribu ngozi zao, vijana waliojipaka udongo mweupe walitembea juu ya miguu mirefu ya miti wakiomba maji ya kunywa kupitia madirisha ya ghorofa. Wanaume wanane walibeba kiboko wa makaratasi, wanne wa mbele wakitaka kwenda ziwani, wanne wa nyuma wakitaka kwenda kwenye baa. Belyse alipiga picha arobaini kabla hajashuka vizuri. Libérate alicheka, akajishtukia, akaacha.

Mpango wa malazi ulikuwa binamu yake Félicité, anayekaa mtaa wa Kimanga. Binamu aliwapokea mlangoni kwa furaha nyingi na hakuondoka mlangoni. Alikuwa amepangisha sebule, chumba na jiko, na yeye mwenyewe alikuwa akilala kwa jirani. Nyumba ya wageni ya karibu ilitaja bei ya kitanda kimoja, na Félicité akauliza kwa heshima kama kitanda hicho mtu anaondoka nacho. Ufukweni bwana mmoja alikuwa anakodisha mitumbwi iliyopinduliwa, walale chini yake, na ule wenye tundu aliutoza zaidi kwa sababu una hewa. Félicité aliufikiria. Wenzake walimvuta mkono.

Ilipofika saa sita jua lilikuwa limewapiga, njaa imewapiga, na kila sahani ya ndagala, dagaa wa ziwa, barabarani ilikuwa imepanda bei kwa heshima ya wageni. Walikuwa wamesimama kwenye kona Kimanga, hawasemezani, wakati mama mmoja mnene mwenye karatasi mkononi alipowajia mbio. Alikuwa amevaa kitenge cha bulu chenye mananasi ya manjano.

"Mulikuwa wapi, bamama?" alisema akihema. "Misa imeisha, bantu iko mezani, na minye naangalia barabara tu. Munye iko ba Kiliba?"

"Tuko ba Kiliba," alisema Félicité.

Mpaka leo Félicité anasisitiza kwamba hapo hakudanganya. Aliulizwa swali, akajibu kweli tupu. Yule mama, jina lake Nicole, alipiga alama tatu kwenye karatasi yake, akawasukuma wote watatu kupitia geti la bati.

Ndani kulikuwa na mahema mawili na watu wasiopungua arobaini, wake kwa waume, wote mananasi. Mashati ya mananasi, magauni ya mananasi, kitoto kichanga kimefungwa mgongoni kwa nanasi. Kabla hawajafungua midomo walikuwa wamekalishwa, wamenawishwa mikono, na mbele yao pamewekwa bugali, sombe ya majani ya muhogo na samaki wa mukeke, mmoja kwa kila mtu, mzima, kichwa kinaning'inia nje ya sahani. Belyse alinong'ona kwamba karnavali ya Uvira imeandaliwa vizuri sana. Félicité alikuwa ameshaanza kula.

Libérate ndiye aliyeona picha. Ilikuwa mezani mbele, ndani ya fremu, mishumaa miwili pembeni: bibi kizee aliyemtazama mpiga picha kana kwamba anamdai. Chini yake waliandika jina, Ninahazwe, na tarehe mbili. Kando palikuwa na kibuyu.

Alielewa mara moja. Hii ilikuwa kuganduka ya watu. Familia imevua nyeusi, imechagua rangi ya furaha, imenunua jora zima na kulikatia ndugu wote, popote walipo. Na wao watatu walikuwa wamenunua udugu wa watu sokoni, nusu bei.

Akamwambia Félicité waondoke. Félicité akasema ndiyo, baada ya samaki. Libérate hakugusa wake. Mtu ambaye kilio cha kwao hakijaisha, anakaaje kula mwisho wa kilio cha wengine? Aliona ni wizi, tena wizi wa kumwibia marehemu. Félicité alimsikiliza hadi mwisho, akakubali kwamba ana hoja, akavuta sahani ile upande wake ili watu wasidhani kuna mwenye dharau.

Baada ya samaki hawakuweza kutoka. Nicole aliweka kiti chake getini na kukikalia chote. Mwenye sare hatoki kabla ya kibuyu, alisema, na tangu hapo akawa anawatazama ba Kiliba kwa jicho la pekee. Nje ngoma za karnavali zilikuwa zinakaribia. Jirani wa mezani akawaeleza kwamba Nicole, mkwe wa marehemu, ndiye aliyeilazimisha tarehe hii: ndugu watakuja mjini kwa karnavali, basi waje kwa nauli yao wenyewe. Félicité alimtazama Nicole kwa mapenzi ya kweli.

Hotuba zikaanza. Kumbe marehemu Ninahazwe hakuwa mtu mwepesi. Wasemaji wanne walimwita "mtu wa msimamo," na kila mara arobaini nzima walitazama viatu vyao. Mmoja alisimulia jinsi alivyofukuzwa naye mara tatu kwa siku moja, akaishia hapo kwa sababu hakukuwa na mwendelezo mzuri. Kisha mwenye kipaza sauti akasoma karatasi: sasa upande wa Kiliba, tuwape masikio, tunafurahi wamekuja licha ya yote yaliyotokea.

Félicité, ambaye angeweza kumbishia bei hata malaika, alikuta mdomo umejaa. Belyse alikuwa amejificha nyuma ya simu. Watu wakapiga makofi, na makofi yakamwinua Libérate aliyekuwa katikati. Akapewa kipaza sauti.

Alijua la kusema: machache ya uongo, akae. Lakini alitazama ile picha, na uongo ukakataa kutoka. Kitu pekee kilichokuwepo mdomoni mwake kilikuwa mama yake. Basi akamsema huyo. Akasema mama aliyeficha sukari ndani ya mkoba wa misa, akidhani hakuna mtoto atakayethubutu kufungua mahali penye rozari. Mama aliyebishana na redio, na redio ilipozimwa akasema ameshinda. Mvua ikianza alitoa nje kila sufuria ya nyumbani kukinga maji, na mbili za jirani. Siku ya mwisho, sauti imebaki kidogo, wote wameinama wasikie wosia, akauliza kama kuna mtu amewafungia bata.

Watu walicheka, kisha pua zikaanza kuvutwa. Bibi mmoja wa mstari wa mbele alisema kwa nguvu kwamba ndiye huyo kabisa, Ninahazwe, ile sukari yeye mwenyewe aliiona. Na hapo Libérate hakuweza tena.

"Hapana, bibi," alisema. "Huyo iko mama yangu. Marie-Rose. Minye siko mutu wa hii jamaa. Kitenge tulinunua ku soko."

Félicité aliacha kutafuna. Nicole alisimama polepole kutoka kwenye kiti chake, na geti likaonekana tena, lakini hakuna aliyelikimbilia.

Mwenye kusema alikuwa mzee Ngendakumana, kaka wa marehemu, ambaye mpaka saa hiyo alikuwa ameketi karibu na kibuyu akikunja na kukunjua kijikaratasi. Aliuliza kitenge kilinunuliwa soko gani. Sange, alisema Libérate. Akauliza bei gani. Na Félicité, ambaye hata mbele ya hukumu hakuweza kuinyima dunia habari njema, akaitaja kwa sauti, na akaongeza kwamba aliyeuza alianzia juu.

Manung'uniko yakapita chini ya mahema, na kwa bahati yaligeukia upande mwingine. Ndugu wa kweli wa Kiliba walikuwa wamegombana na marehemu juu ya mpaka wa shamba. Walitumiwa vipande vyao vitatu kwa upatanisho, wakavipeleka sokoni. Kwamba waliuza, hilo lilichoma. Kwamba waliuza nusu bei, hilo halikusameheka.

Libérate alikuwa bado amesimama. Alisema kwamba anaomba radhi, kwamba hakula, na kwamba yeye ndiye wa mwisho aliyestahili kukaa hapo, kwa kuwa kilio cha mama yake hakijaisha. Aliyasema akilia waziwazi mbele ya watu arobaini asiowajua, na katikati ya aibu ile alishangaa kuona anapumua vizuri zaidi kuliko miezi mingi iliyopita.

Mzee akauliza tangu lini. Miaka miwili, akajibu. Akauliza kwa nini. Kaka anangoja ng'ombe.

Mama mmoja akapendekeza basi binti anywe kibuyu hiki hiki, nafasi tatu si ziko wazi? Mzee mwingine akapinga: kilio hakiondolewi na mgeni, kama vile mtu haungami kwa niaba ya mwenzake. Hoja ilikuwa nzito. Ngendakumana akaikubali, akanyoosha mkono. "Muitie huyo kaka," alisema.

Hivyo ndivyo Sévère, aliyekuwa ameketi nyumbani Kiliba akinoa jembe, alivyojikuta akisikika Kimanga nzima. Waliweka simu ya Libérate mbele ya kipaza sauti. Neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama dada yake ameanguka kutoka kwenye lori. Ngendakumana akajitambulisha, akamwambia dada yake ni mzima, akauliza habari za ng'ombe.

"Iko inakuya, mzee," alisema Sévère.

"Inatokea wapi?"

"Mulenge."

"Mulenge, miaka mbili? Hata kama inatembea kwa magoti ingekuwa imefika."

Watu wakacheka. Libérate hakucheka, kwa sababu alimjua kaka yake, na pumzi iliyotoka kwenye ile simu haikuwa ya hasira. Nje ngoma zilikuwa zimefika kona.

"Ng'ombe hakuna, mzee," Sévère alisema mwishoni. "Haikukuwako. Minye iko mukubwa, ni minye nitasema kilio kimekwisha. Siku nitasema, mama atakuwa amekufa kweli."

Libérate alikuwa amemkasirikia miaka miwili, amemwita bahili, mwenye kiburi, mchelewesha harusi za watu, na kumbe kaka yake alikuwa amesimama mlangoni kwa mama yao muda wote, ameushika mlango usifungwe. Alitaka kumkumbatia na alitaka kumpiga.

Mtu angetegemea mzee atoe hapo neno la hekima. Hakuwa nalo. Alikikunjua kile kijikaratasi chenye maneno ya kufunga kilio, akakitazama, akakikunja tena.

"Weye miaka mbili," alisema. "Minye mwaka moja na nusu. Nilisema ninaumwa mugongo. Kama hakukuwa Nicole, na leo ningesema mugongo." Akasogea karibu na simu. "Kijana, minye pia sijasema bado. Tuseme pamoja?"

Sévère akasema ndiyo, kwa sauti ndogo. Mzee akahesabu moja, mbili, tatu, kama watu wanaoinua gogo. Wakasema. Mzee alimtaja Ninahazwe na Sévère akamtaja Marie-Rose, na wote wawili wakasema kilio kimekwisha, Sévère akiwa nyuma kidogo kwa sababu ya mtandao, hivi kwamba neno "kimekwisha" lilisikika mara mbili chini ya hema, mara ya pili likitokea Kiliba na limelowa machozi. Kisha Sévère akakohoa na kuongeza, kwa haraka, kama mtu anayelipa kabla hajabadili mawazo, kwamba Frédéric alete watu wake Jumapili ijayo, wala asilete ng'ombe.

Kibuyu kilizunguka. Libérate alichukua simu yake, akanywa. Pombe ilikuwa chachu kuliko alivyokumbuka. Nicole, ambaye tangu habari ya soko uso wake ulikuwa umefungwa, alimfuta shavu kwa ncha ya kitenge chake mwenyewe, akamwambia mahali pa kulala papo kwa wote watatu, na kesho ataosha vyombo. Félicité aliuliza kama mahali hapo ni bure. Nicole akarudia neno vyombo.

Geti likafunguliwa na watu arobaini na tatu wakatoka pamoja, kwa kuwa ndiyo njia pekee ya kutoka, wakaangukia katikati ya msafara, kati ya kiboko wa makaratasi na lori la muziki. Umati ukawaona, sare safi, mananasi matupu, kizee mwenye fimbo mbele, ukapiga yowe la furaha. Mtu mwenye kipaza sauti juu ya lori alitafuta karatasi yake, hakuwaona humo, akawatangaza hivyo hivyo kuwa kundi la mananasi, bora la mwaka huu. Ngendakumana aliinua fimbo yake akaanza kutikisa mabega. Mgongo wake haukuonekana kuwa na shida yoyote.

Libérate alisimama mikono kifuani. Alikuwa ameshazoea. Belyse akamvuta upande mmoja, Félicité, mwenye harufu ya samaki wawili, upande mwingine, na mguu ukajaribu, ukakosea, ukajaribu tena. Alicheza vibaya. Alikuwa zamani mchezaji mzuri, na sasa nyonga zilikuwa zinauliza njia. Akaona bado ameshika simu mkononi, na simu bado iko hewani.

Akaiweka sikioni akasema kwamba anakata, uniti za simu zinakwisha.

"Usikate," alisema Sévère. "Inua simu juu, nisikie."

Akaiinua juu ya kichwa chake kwa mikono yote miwili, kuelekea ngoma, akaendelea kucheza hivyo hivyo, hadi uniti zikaisha zenyewe.